Kutoka kmap_atomic hadi kmap_local_page: Uhakiki wa Ahadi Zisizotajwa katika Kiendeshi cha Grafiki cha i915

1.0 Utangulizi

Makala haya yanahakiki badiliko moja katika kiini cha Linux, yaani kuondolewa kwa wito wa kmap_atomic katika i915, kiendeshi cha grafiki cha Intel, na kuwekwa kmap_local_page mahali pake. Kwa mtazamo wa haraka, hili ni suala la kubadilisha jina. Hoja yetu ni kwamba wito wa zamani ulibeba ahadi mbili ambazo jina lake halikuzitaja, na kwamba badiliko hili linapaswa kupimwa kwa namna lilivyozishughulikia ahadi hizo.

2.0 Chimbuko la Tatizo

Miito hii ilitokana na ufinyu wa anwani katika mashine za biti 32. Katika mashine za x86 za aina hiyo, kwa mpangilio wa kawaida, kiini kiliweza kufikia moja kwa moja takriban megabaiti 896 tu za kumbukumbu. Ukurasa uliokuwa nje ya mpaka huo ulihitaji kupewa anwani ya muda kabla ya kusomwa au kuandikwa. Wito wa kmap ulitoa anwani hizo kutoka katika akiba ndogo iliyotumiwa na prosesa zote. Akiba ilipokwisha, mwombaji alisubiri. Wito wa kmap_atomic uliepusha foleni hiyo, lakini kwa gharama mbili. Kwanza, ulizuia kazi inayoendelea isinyang'anywe prosesa. Pili, ulizuia kushughulikiwa kwa hitilafu za ukurasa, yaani hali ambapo programu inagusa ukurasa ambao bado haujaandaliwa katika kumbukumbu. Mashine za biti 64 hazina ufinyu huo wa anwani, lakini nazo ziliendelea kulipa gharama zote mbili.

Wito wa kmap_local_page, uliotokana na kazi ya Thomas Gleixner na kuingia katika toleo la 5.11 mwezi Februari 2021, hutoa anwani ambayo ni halali kwa uzi mmoja tu wa kazi. Uzi huo unaweza kusimamishwa na kuendelea baadaye bila kupoteza anwani yake. Masharti ni mawili: anwani isikabidhiwe kwa uzi mwingine, na zikiwa kadhaa ziachiliwe kwa mpangilio wa kinyume, ya mwisho ikitangulia.

3.0 Uhakiki

Ubora wa badiliko hili ni kutenganisha mambo yaliyokuwa yamefungwa pamoja. Zamani, aliyeandika kmap_atomic hakulazimika kueleza iwapo alihitaji anwani pekee au alihitaji pia kinga zilizoambatana nayo. Sasa anayehitaji kinga hana budi kuiomba waziwazi, kwa wito wake wenyewe.

Katika kiendeshi cha grafiki, utengano huo si jambo dogo. Kiendeshi hunakili data kati ya programu ya mtumiaji na kumbukumbu inayotumiwa na kifaa, na pengine hufanya hivyo kikiwa kimeshika kufuli. Hitilafu ya ukurasa ikitokea wakati huo, na kuishughulikia kukahitaji kufuli ileile, kazi hukwama isiweze kwenda mbele wala kurudi nyuma. Kinga ya zamani iliweza kuzuia mkwamo huo bila mtu yeyote kuutaja. Kwa hiyo, kubadilisha jina bila kusoma msimbo unaolizunguka ni kuondoa nguzo bila kutazama dari.

Ni haki kusema kwamba maelezo yaliyoambatana na mabadiliko ya i915 hayakulikwepa suala hili. Yalieleza kwa nini kinga hizo mbili hazihitajiki. Udhaifu uko mahali pa kuyahifadhi. Maelezo hayo yamo katika historia ya mabadiliko, ilhali msimbo wenyewe unaonyesha jina jipya tu. Mhandisi atakayeongeza kufuli mahali hapo baada ya miaka mitano hatakumbushwa na chochote kwamba usalama wa mstari ule ulitegemea kutokuwapo kwa kufuli. Inaweza kudaiwa kwamba maoni mengi huuchafua msimbo. Dai hilo lina uzito, lakini sentensi moja pale tu ambapo hitilafu na kufuli vinaweza kukutana si uchafu.

4.0 Hitimisho

Nyaraka za kiini cha Linux zina tafsiri za Kichina, Kiitaliano, Kijapani, Kikorea na Kihispania, miongoni mwa nyingine. Kiswahili bado hakimo. Siku kitakapoingia, mfasiri atakayetohoa neno "atomiki" na kuishia hapo atakuwa amehamisha ukimya uleule. Istilahi ifafanue kile ambacho wito unaahidi, si sauti ya jina lake pekee.

Kwa washauri wa sera, funzo ni la moja kwa moja. Mkataba wa kuboresha mfumo wa umma usiridhike na orodha ya miito iliyobadilishwa. Udai pia orodha ya ahadi zilizoondolewa na sababu zake, ihifadhiwe pamoja na msimbo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.