Sifa za Biskuti Iliyosheheni

Wapo waokaji wanaoidharau biskuti iliyosheheni. Kwao biskuti ya haki ni kileja au nankhatai: unga, samli, sukari, iliki, basi. Hii nyingine, yenye chokoleti, korosho za chumvi, krispi za viazi na vipande vya tofi humo humo, wanaiona kazi ya mtu aliyekung'uta kabati lake lote ndani ya bakuli na kumwachia Mungu. Wanaikosea. Katika jamii nzima ya biskuti, sijui nyingine inayomdai mwokaji nidhamu kuliko hii.

Hata mama yake, biskuti ya vipande vya chokoleti, hakuzaliwa kwa bahati nasibu, ingawa hadithi hupenda kudai hivyo. Ruth Wakefield alihitimu masomo ya sayansi ya nyumbani huko Framingham, Massachusetts, mwaka 1924, na mwaka 1930 yeye na mumewe wakanunua nyumba iliyogeuka kuwa mkahawa wa Toll House, katika mji wa Whitman. Biskuti yake yenye vipande vya chokoleti ilitoka kitabuni mwaka 1938. Husimuliwa kwamba alitaraji chokoleti ile iyeyuke yote, ikamgomea. Mwenyewe alieleza vingine: wateja waliipenda biskuti yake nyembamba ya njugu, naye akawa anatafuta cha kuwapa kilicho tofauti. Alikuwa kazini. Miaka mingi baadaye Christina Tosi, aliyefungua duka la Milk Bar jijini New York mwaka 2008, alikwenda mbali zaidi. Biskuti yake aliyoiita mboji ina chokoleti, pretzeli, krispi za viazi, oti na hata kahawa ya kusaga.

Kwa nini chumvi ikae na sukari? Watu wa pwani hawahitaji mhadhara. Wamekula embe bichi kwa chumvi na pilipili tangu utotoni. Chumvi hufifisha uchungu, na uchungu ukipungua utamu hujitokeza. Ndiyo maana kinyunya cha biskuti kisicho na chumvi kabisa huwa kitamu kwa namna ya kuchosha. Lakini chumvi iliyoyeyuka ndani ya kinyunya haifanyi kazi ya chumvi iliyobaki punje. Ile ya ndani hutengeneza ladha kimyakimya. Ile iliyoshika korosho, au chembe za chumvi ya mawe zilizonyunyizwa juu, hukutana na ulimi peke yake, ikapita, na chokoleti inayofuata ikaonekana mpya. Mwokaji anahitaji zote mbili, na hapo ndipo hesabu inapoanza: korosho, krispi na siagi ya pakiti huja na chumvi zao, kwa hiyo ya kinyunya lazima ipunguzwe.

Kazi yenyewe huanza na siagi na sukari, zipigwe pamoja hadi zijae hewa. Sukari ya kahawia, au sukari guru iliyosagwa, hushika unyevu na kuuacha moyo wa biskuti laini. Kisha yai, vanila, soda ya kuokea, na unga mwisho, ukorogwe kwa uchache, maana unga wa ngano ukisumbuliwa sana hukaza. Hapo mwenye haraka huwasha oveni. Mwenye kujua hukitia kinyunya kwenye friji kilale. Unga hunywa majimaji yake taratibu, siagi hukaza, na biskuti haitatawanyika ovyo kwenye treya. Mapishi maarufu yaliyochapishwa na gazeti la The New York Times mwaka 2008 yalitaka saa 24 hadi 36 za usingizi huo.

Vikorokoro navyo vina zamu zao. Korosho hukaangwa kwanza na kuachwa zipoe kabisa, la sivyo zitaiyeyusha siagi. Chokoleti hukatwa kwa kisu, vipande visilingane: vumbi lake hutia rangi kinyunya, mapande yake hubaki madimbwi. Krispi na pretzeli hungoja hadi kinyunya kimeamka, kwa sababu zikilala nacho usiku kucha huamka mbichi kama kadibodi iliyonyeshewa. Nyingine hubandikwa juu dakika ya mwisho, kabla ya kuingia motoni.

Mapishi yetu mengi husifiwa kwa kuungana. Pilau nzuri ni ile ambayo huwezi kusema bizari imeishia wapi na nyama imeanzia wapi. Biskuti iliyosheheni hutaka kinyume chake: kila kitu kiingie kwenye umoja bila kupoteza sauti yake. Laini ibaki laini, kinacholia kilie, kichungu kisione haya.

Moto huwa nyuzi 180 hivi, na biskuti hutolewa kingo zikiwa za hudhurungi na katikati pakionekana hapajaiva, kwa kuwa joto la treya huendelea kuoka. Asiye na oveni hupalia makaa juu ya mfuniko wa sufuria, na ya chini huyafanya haba, maana sukari huungua upande wa chini kabla macho hayajajua.

Kilichobaki ni kukataa, na hicho ndicho kigumu. Kinyunya kina mwisho wa kubeba. Vikorokoro vikizidi hakishikani tena. Kimoja cha kutafunika, kimoja cha kulia, kimoja chenye uchungu, kimoja cha chumvi: vinatosha. Vipi hasa, jibu haliko kitabuni, liko kwa walaji. Bibi asiye na magego hutengewa madonge yenye tofi na chokoleti tu. Mtoto anayedhuriwa na njugu huokewa kwanza, bakuli na treya vikiwa havijagusana na korosho. Anayekunywa kahawa bila sukari huongezewa punje za chumvi juu. Kinyunya ni kile kile, na kila mmoja anapata biskuti iliyookwa huku mtu akimfikiria yeye kwa jina. Ufundi wa namna hiyo hauuziki kwa pakiti, na ndio sababu ya kuchafua jikoni.