Picha Iliyofichwa Chini ya Picha

Mionzi ya X, ambayo Mjerumani Röntgen aliivumbua mwaka 1895, haionyeshi mifupa iliyovunjika tu. Wenye elimu ya sanaa huitumia pia kuchunguza picha za kale. Zamani rangi nyeupe ilitengenezwa kwa madini ya risasi, nayo risasi huizuia mionzi hiyo. Kwa hiyo mahali ilipopakwa huonekana weupe, hata kama imefunikwa na rangi nyingine.

Tuitazame picha moja: Kifodini cha Mtakatifu Mateo, ambayo Caravaggio aliichora mwaka 1599 na 1600 kwa ajili ya kanisa la San Luigi dei Francesi, huko Roma. Mtakatifu ameanguka chini. Muuaji ameukamata mkono wake. Malaika ameinama toka wingu, anamnyoshea tawi la mtende. Mtoto akimbia huku akipiga kelele. Mwenye kuitazama aweza kudhani kwamba mchoraji aliimaliza kwa pumzi moja.

Kumbe sivyo! Katika miaka ya 1950 picha hiyo ilipigwa mionzi, na chini yake ikaonekana nyingine: watu wadogo, na majengo makubwa nyuma yao. Caravaggio aliiacha ile ya kwanza, akaanza upya juu ya kitambaa kile kile. Watu akawakuza, majengo akayaondoa, akaweka giza.

Sisi twaona alitenda vema. Katika ile ya kwanza majengo yalishindana na watu. Katika hii jicho halina pa kukimbilia: laona mkono ule ule uliokamatwa na muuaji ndio unaonyoshewa tawi la ushindi. Kifo na taji vimekutana mahali pamoja. Hilo ndilo fundisho lote la kifodini.

Lakini tusiipe mionzi kazi isiyo yake. Yaonyesha rangi za juu na za chini zimechanganyika pamoja, na haisemi kwa nini mchoraji aligeuza shauri. Kuhukumu uzuri ni kazi ya macho na akili.

Wengine husema kwamba mwenye kipaji hafuti kazi yake. Picha hii yawajibu. Kipaji cha Caravaggio kilionekana pia katika kuikataa kazi aliyokwisha kuitolea jasho, kwa sababu haikutosha kwa jambo alilopaswa kulisema.