Fahali wa Mvinyo na Kosa la Gladstone

Kivumishi cha Kigiriki oinops, kilichoundwa kwa oinos, yaani mvinyo, na ops, yaani uso au sura, kimebebeshwa mzigo usio wake tangu mwaka 1858. Mwaka huo William Gladstone, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, aliona kwamba Homer ameipa sifa hiyo bahari na pia fahali, akahitimisha kuwa Wagiriki wa kale walikuwa na utambuzi mchanga wa rangi. Mifano aliikusanya vizuri.

Hitimisho ndilo lililopotoka, kwa kuwa Gladstone aliikazia macho bahari, ambako msomaji hutarajia buluu, ilhali ushahidi mzito uko shambani: katika kitabu cha 13 cha Iliadi, na tena katika cha 13 cha Odisei, fahali wawili wenye sifa hiyo wanakokota jembe, na fahali wa buluu hajapata kuzaliwa. Anayemtazama bihogo, yaani ng'ombe wa Ankole mwenye wekundu wa kahawia uliokolea, katika malisho ya Mbarara, Uganda, huona ngozi iking'aa ubavuni jua linapoipiga na kukaribia weusi kwenye mikunjo ya shingo. Mng'ao uliolala juu ya giza ndio ulio pia katika mvinyo na katika bahari ya jioni. Waswahili humwita ng'ombe huyo mwekundu, wala hawapelekwi kwa daktari wa macho.

Tena Milman Parry, mtafiti wa tungo za Homer, alionyesha mwaka 1928 kwamba sifa za Homer hufuata pia mahitaji ya mizani, kwa hiyo si kila sifa ni kipimo cha macho. Henry Morris naye, aliyechapisha ebyevugo, yaani majigambo ya kishujaa ya Wahima, wafugaji wa Ankole, mwaka 1964, alitoa somo ambalo wanaorudia hoja ya Gladstone hadi leo hawana udhuru wa kulikwepa: mshairi wa wafugaji hana uhaba wa majina ya rangi. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hukohuko Uganda, yaliyotambuliwa rasmi mwaka 1960, walipokewa Wanyarwanda wenye urithi wa amazina y'inka, tungo za kusifu ng'ombe, na Kiswahili sasa kinawaunganisha wakazi wake wa mataifa mengi. Atakayemfasiri Homer kwa Kiswahili na aanzie kwa watu kama hao, awaulize kuhusu fahali kwanza, bahari baadaye.