Filimbi ya Kwanza: Namna ya Kuikagua Kabla ya Kutoa Pesa

Anayeanza kujifunza filimbi ya okestra anahitaji chombo kizima kuliko bingwa. Bingwa akipewa filimbi inayovuja, atakaza kidole hapa, atageuza mdomo kidogo pale, na wimbo utatoka. Mwanafunzi hana ujuzi huo. Noti ikikataa kutoka, atajilaumu, atapuliza kwa nguvu, atabana vidole mpaka viume, na baada ya miezi michache ataifungia filimbi kabatini akiamini hana kipaji. Ndiyo maana unapotafuta filimbi ya bei nafuu, iwe mpya au ya mtumba, la kwanza kuuliza ni kama inaziba hewa. Mng'aro na urembo vinakuja baadaye.

Filimbi hii imetokana na kazi ya Theobald Boehm wa Munich, ambaye mwaka 1847 alitoa bomba la chuma lenye matundu mapana mno kuzibwa kwa ncha za vidole. Kwa hiyo matundu huzibwa na vifuniko vinavyoendeshwa kwa springi na vyuma vyembamba. Ndani ya kila kifuniko mna kitakia cha sufu kilichovishwa utando mwembamba sana. Kitakia kimoja kikikaa upande, si noti yake tu inayoharibika: zote zilizo chini yake hudhoofika.

Anza kwa macho, ukijua cha kupuuza. Filimbi nyingi za wanafunzi zimetengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, kisha zikachovywa fedha. Fedha hiyo kushika weusi ni jambo la kawaida na hakuharibu sauti, ila ni sababu nzuri ya kuomba upunguziwe bei. Kagua badala yake ukingo wa tundu la kupulizia, maana hapo ndipo sauti inapozaliwa. Ukiwa umebonyea au umechubuka, achana na filimbi hiyo. Kisha unganisha vipande vitatu: kichwa, mwili na mguu. Viingiane kwa kuzungushwa taratibu, bila kulazimishwa na bila kuchezacheza. Shika kila kifuniko ukitikise kushoto na kulia: kikilegea, vyuma vyake vimelika. Bonyeza vyote kimoja kimoja usikilize. Mlio wa chuma kugonga chuma maana yake vizibo vidogo vya kuzuia kelele vimedondoka. Hilo fundi hulimaliza haraka.

Sasa fika kwenye jaribio lenyewe. Kata ukanda mwembamba wa karatasi ya sigara. Uingize chini ya kitakia, shusha kifuniko kwa uzito wa kidole tu, kisha vuta karatasi polepole. Unapaswa kuhisi inashikwa. Rudia mbele, nyuma, kushoto na kulia kwa kitakia kilekile. Ikishikwa pande tatu na upande wa nne ikateleza, hapo ndipo hewa inapotorokea. Vile vifuniko ambavyo hukaa vimefungwa vyenyewe, vijaribu bila kuvibonyeza. Ni kazi ya robo saa hivi, na muuzaji mwaminifu hatakukataza.

Baada ya hapo, ipulizwe. Kama hujui kupuliza, nenda na mwalimu au mpigaji unayemwamini. Aanze na noti ya B, ashuke A, G, F, E, D mpaka C ya chini kabisa, akiongeza vidole kadiri anavyoshuka na kugusa kwa wepesi. Sauti ikidhoofika ghafla mahali fulani, kitakia kilichoongezwa hapo ndicho cha kushukiwa kwanza. Na kama C ya chini haipatikani mpaka vidole vikamue, hiyo filimbi inavuja, hata kama muuzaji anasema inahitaji kuzoewa tu.

Usisahau kizibo kilichomo ndani ya kichwa. Kijiti cha kusafishia huwa na mstari karibu na ncha. Kiingize, na mstari uonekane katikati ya tundu la kupulizia, yaani kama milimita 17 kutoka kwenye kizibo. Kikiwa kimesogea, noti za juu na za chini hazitapatana. Kukirudisha ni rahisi, lakini kikiwa kinateleza ovyo kinahitaji kubadilishwa.

Kwa upande wa majina, Yamaha YFL-222 imejengwa kwa ajili ya wanaoanza, na Jupiter, Pearl na Trevor James nao wana filimbi za ngazi hiyo. Chagua yenye vifuniko visivyo na tundu katikati, kibonyezo cha G kilichosogezwa nje ili kidole cha pete kisijinyooshe, na mguu unaofika C. Kifaa cha kusaidia E ya juu ni nyongeza nzuri, si sharti. Filimbi mpya zisizo na jina linalofahamika, zinazouzwa kwa bei ya kutupa, mara nyingi zina vyuma laini vinavyopinda kwa kubonyezwa tu, na vipuri havipatikani. Fundi akizirekebisha leo, kesho zinarudi. Rahisi ghali.

Ya mtumba kutoka kwa mtengenezaji mzuri kwa kawaida huishinda mpya ya aina hiyo, mradi uhesabu bei mara mbili: ya muuzaji na ya fundi. Vitakia huzeeka hata filimbi ikikaa sandukuni bila kuguswa, na kuvibadilisha vyote ni kazi ghali. Pata makadirio ya fundi kabla ya kukubaliana bei, na kama ndugu yako wa ughaibuni ndiye anayekununulia, mwombe aipitishe kwa fundi wa hukohuko. Ukiishi Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa ina unyevu na chumvi, kausha ndani kwa kitambaa kila umalizapo kupiga.

Ukijikuta na filimbi mbili za bei moja, moja inang'aa na nyingine imeshika weusi, chukua ile inayoshuka mpaka C kwa vidole vyepesi. Mwanafunzi akikosea juu ya filimbi hiyo, kosa ni lake kweli, na kosa lililo lake anaweza kulirekebisha kwa mazoezi.