Damu ya Baba, Lugha ya Mama

Ramadhani ya mwaka 2023 tulikusanyika kwenye futari, kama ilivyo ada yetu sisi tulio ughaibuni huku Uingereza. Tulikuwa ndiyo kwanza tumekula tende, mzee wetu mmoja akatoa simu yake mfukoni. "Haya, someni wenyewe! Wazungu wameshakiri. Sisi Washirazi, maneno yamekwisha." Wengine wakacheka, wengine wakaitikia. Dada mmoja, ambaye mama yake ni Mgiriama, akaendelea kumimina uji vikombeni bila kusema neno.

Kimya cha yule dada ndicho kilichonifanya niutafute utafiti wenyewe na kuusoma, badala ya kutosheka na vichwa vya habari. Nimeusoma zaidi ya mara moja. Nasema kwa moyo mkunjufu kuwa ni kazi kubwa. Nasema vilevile kuwa sisi wenyewe tumeisoma vibaya.

Utafiti huo ulitoka katika jarida la Nature mwezi wa Machi 2023. Miongoni mwa walioungoza ni Esther Brielle na David Reich, wataalamu wa DNA ya kale, na Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya aliyeupa mwambao wetu miaka mingi ya maisha yake. Walichunguza mabaki ya watu 80. Baadhi walizikwa visiwani: Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Wengine walizikwa Mtwapa na Lindi, na wengine bara kabisa, Makwasinyi, katika nchi ya Taita. Wale wa mwambao walizikwa kati ya mwaka 1250 na 1800. Makaburi yalifukuliwa kwa idhini ya wenyeji, na mifupa ikarudishwa ardhini. Hilo peke yake ni adabu ambayo wachimbaji wa zamani hawakuwa nayo daima.

Hesabu yao ni hii. Wengi katika watu hao wa mwambao, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, nayo imetoka hasa kwa wanawake. Sehemu nyingine kubwa imetoka Asia, na katika hiyo ya Asia, asilimia 80 hadi 90 ni ya wanaume wa Uajemi. Iliyobaki ina harufu ya Uhindi. Kuchanganyika kulianza kiasi cha mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 hivi, damu ya Uarabuni ikaanza kuongezeka.

Wamelijuaje la mama na la baba? Kuna sehemu ya DNA ambayo mtoto huipata kwa mama tu, na ipo nyingine ambayo baba humrithisha mwana wa kiume tu. Katika mifupa hii, njia ya mama karibu yote yaelekea Afrika. Njia ya baba, kwa wengi, yavuka bahari.

Sasa tuitazame tarehe ya Kilwa, iliyoandikwa karne ya 16, ambayo nakala yake ya Kiarabu imehifadhiwa London. Humo tunasimuliwa majahazi saba kutoka Shirazi, na mwana wa mfalme aliyekinunua kisiwa cha Kilwa kwa nguo. Kwa miaka mingi wataalamu waliiona hadithi hii kuwa ni ya kujipamba tu. Utafiti umewajibu: wazee hawakusema uongo, wanaume wa Uajemi walikuja. Hapo mzee wetu wa futari ana haki yake, nami simnyimi.

Lakini tarehe hiyohiyo ina mstari tunaoupita mbiombio. Yasema kuwa wageni walipofika, walimkuta pale Mwislamu aitwaye Muriri wa Bari pamoja na watoto wake, na walikuta msikiti. Kisiwa hakikuwa kitupu, wala dini haikushuka jahazini siku ile. Wanaakiolojia waliochimba Shanga, katika kisiwa cha Pate, walikuta msikiti wa miti chini ya ule wa mawe, na mji wenyewe ukianzia karne ya 8. Basi kama mchanganyiko wa damu ulianza kiasi cha mwaka 1000, mji ulikuwapo, na watu wakiswali, zaidi ya karne mbili kabla yake. Anayesema kuwa Waajemi walikuja kutujengea miji hapati ushahidi katika utafiti huu.

Na mwanamke yuko wapi katika tarehe ya Kilwa? Wafalme wametajwa mmoja baada ya mwingine, huyu mwana wa fulani na yule mwana wa fulani, lakini mama zao hawamo. Mifupa imewataja mama ambao kalamu iliwanyamazia. Kwangu mimi, hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika utafiti huu, na ndilo tulilolikimbia. Tumepewa habari ya mama na baba, tukamshangilia baba.

Nina malalamiko mawili kwa watafiti nao. La kwanza ni la makaburi. Mengi yaliyochunguzwa ni ya watu wenye nafasi yao, waliozikwa karibu na misikiti. Nyanya yangu mzaa mama amelala Siyu, na kaburi lake ni jiwe moja kichwani na jingine miguuni. Mvuvi, mkulima, mjakazi, mfua chuma, hao makaburi yao hayakujengewa mnara. Watafiti wenyewe wamelitaja jambo hili, lakini wamelitaja kwa sauti ndogo, na magazeti hayakulisikia. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya mifupa ilitoka Mtwapa. Mji mmoja hauwezi kuwa shahidi wa mwambao mzima.

La pili ni la wakati. Mfupa wa zamani kabisa wa mwambao katika kazi hii ni wa karibu mwaka 1250. Habari za mwaka 1000 zimepatikana kwa kukisia idadi ya vizazi. Ni hesabu nzuri, lakini hesabu si shahidi aliyeona. Mpaka apatikane mtu wa karne ya 8 au ya 9, sura ya kwanza ya kitabu chetu bado haijaandikwa. Tusisahau pia walichokisema wenyewe: Waswahili wa leo si nakala ya watu wale, kwani damu iliendelea kuchanganyika baada yao.

Si sisi peke yetu tuliokutwa na haya. Katika visiwa vya Vanuatu, bahari ya Pasifiki, mifupa ya kiasi cha miaka 3,000 kutoka makaburi ya Teouma ilichunguzwa mwaka 2016. Watu wale wa mwanzo walikuwa jamaa wa watu wa Taiwan na Ufilipino. Leo asili kubwa ya watu wa Vanuatu ni ya upande wa Papua, waliofuata baadaye. Damu iligeuka karibu yote, na lugha isigeuke: mpaka leo wanasema lugha za ukoo uleule wa zamani, ambao Kimalagasi nacho kimo.

Kwetu pia, waliokuja walijifunza kusema kama waliowakuta. Kiswahili ni ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kingazija. Kutoka Uajemi tumepata bandari na nahodha, maneno ya watu wa vyombo. Lakini maji, moto, mvua, kula na kulala tumeyapata kwa aliyetunyonyesha. Na nyumba nayo, katika miji yetu ya kale, ilikuwa ya binti, mume akaingia kwake. Mgeni alikaribishwa kwa mama, akazaa watoto waliosema lugha ya mama.

Mwezi uliofuata nilikutana na yule dada, nikamweleza haya yote. Akanisikiliza, kisha akacheka. "Kaka, mama yangu hakuwahi kuwa na shaka. Nyinyi ndio mliohitaji mfupa." Nimemweleza mzee wetu pia. Akaguna, akasema atausoma utafiti wenyewe, Inshallah. Namsubiri, na sambusa zake za mwaka ujao nitazila vilevile.