Hazina ya Maana na Kiswahili cha Base Camp

Mwaka 1985, George A. Miller na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, walianza kuijenga WordNet, hazina ya maana za maneno ya Kiingereza kwa matumizi ya kompyuta. Humo maneno yenye maana moja hukusanywa katika fungu moja, na mafungu huunganishwa: mbuzi ni aina ya mnyama, kidole ni sehemu ya mkono. Neno lenye maana nyingi huingia katika mafungu mengi. Hivyo "kaa" letu lingekuwa na fungu la moto, la kiumbe wa pwani na la kuketi. Mpango huu wastahili sifa, na Kiswahili nacho chauhitaji.

Hata hivyo, yafaa tuulize: maana hizo zitachotwa kwa nani? Njia nyepesi ni kutafsiri mafungu ya Kiingereza na kuyajaza maneno kutoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa na TUKI mwaka 1981. Upungufu wa njia hiyo huonekana Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, si mbali na Mbarara. Hapo Kiswahili huwakutanisha Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengineo. Kwa wengi waliotoka Kongo, "kutumika" ni kufanya kazi, na "bibi" ni mke.

Tuchukue mfano wa mkimbizi anayemwambia ofisa, "Nilitumika kwa askari, bibi yangu alibaki." Kompyuta iliyolelewa kwa maandishi ya Dar es Salaam yaweza kutafsiri kwamba askari walimtumia mtu huyu, na kwamba aliyebaki ni nyanya yake. Hata kama kamusi inayo maana ya mke, mashine huelekea kuchagua ile iliyozoeleka zaidi. Mke hataandikwa katika faili, na ombi la kuunganishwa naye litakosa msingi.

Dawa ni kila maana iandikwe pamoja na mahali inapotumika na sentensi ya msemaji mwenyewe. Orodha ya kimataifa ya lugha tayari imekipa Kiswahili cha Kongo alama yake, swc, mbali na swh ya Kiswahili kingine. Lakini alama haitoshi, kwa kuwa Base Camp wasemaji huchanganyika kila siku. Hapa walimu tuna kazi. Mwanafunzi akiandika "baba anatumika shambani", tumfundishe usanifu, lakini kabla ya kupitisha kalamu nyekundu, tuinakili sentensi yake na kuihifadhi.