Maji ya Bahari kwa Mvua ya Kakamega

Kutoka Shirere, Kakamega, hadi ufuo wa Mombasa ni zaidi ya kilomita 800 za barabara. Ndiyo maana watu wakisikia kwamba kuna mtu mtaani anayetaka kufuga matumbawe sebuleni, swali la kwanza huwa ni gari gani litabeba maji. Hakuna gari linalohitajika. Tangi la lita 80, likishapangwa mawe, hubakiza nafasi ya lita 65 hivi za maji, na chumvi ya kuyageuza maji hayo kuwa ya bahari ni kilo mbili na nusu. Ugumu uko kwingine, na sehemu yake kubwa inaanzia kwenye paa la nyumba.

Lakini chumvi kwanza, maana hapo ndipo pesa za wanaoanza hupotea. Chumvi ya jikoni haifai. Hata ile ya Gongoni, kaunti ya Kilifi, ambayo ilitoka baharini kweli, haiwezi kurudishwa kuwa bahari. Jua linapokausha maji katika mabwawa ya chumvi, kalsiamu nyingi hutangulia kuganda na kuzama. Baadaye huganda kloridi ya sodiamu, ambayo ndiyo huvunwa, na yale maji machungu yanayosalia, yaliyojaa magnesiamu, hutengwa. Kinachofika dukani kimepoteza nusu ya kazi yake. Matumbawe magumu hujenga mifupa kwa kalsiamu, ambayo baharini ni miligramu 410 hivi kwa lita. Magnesiamu, karibu miligramu 1,300, huizuia kalsiamu hiyo isigande ovyo kabla mnyama hajaitumia. Basi inunuliwe chumvi iliyochanganywa mahususi kwa matangi ya matumbawe, hata ikilazimu kuagizwa mbali. Hapa hakuna njia ya mkato ninayoweza kumshauri mtu aifuate.

Sasa maji ya kuyeyushia chumvi hiyo. Ya mfereji yana klorini. Ya mto hupita mashambani na kubeba mbolea, na mbolea tangini hulisha mwani mpaka ukafunika kila jiwe. Ya kisima yanahitaji kupimwa kwa makini, kwa sababu ardhi ya Kakamega ilichimbwa dhahabu tangu miaka ya 1930, na palipo na madini hapakosi metali nyingine zinazoyeyuka majini. Inabaki mvua, na mvua Kakamega ni utajiri: takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Mtego ni mabati. Mabati mengi yamepakwa zinki, maji ya mvua yana asidi kidogo, na konokono wa baharini, kamba na matumbawe huumizwa na kiasi kidogo sana cha zinki au shaba. Pipa lililojaa kutoka kwenye mfereji wa paa, maji meupe yanayong'aa, linaweza kuua tangi zima polepole bila mwenyewe kujua sababu.

Suluhisho ni turubai safi la plastiki, mita mbili kwa mbili, lililofungwa kwenye nguzo nne uwanjani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 20, ambayo ni ya alasiri moja tu mwezi wa Aprili, inatoa lita 80. Acha mvua ya mwanzo ioshe hewa na turubai, kisha kinga. Baada ya hapo maji yapitishwe kwenye chujio la makaa na lile la kuondoa ayoni, yahifadhiwe katika mitungi ya plastiki ya chakula. Chumvi ikorogwe kwenye ndoo yenye pampu kwa siku nzima hadi kipimo kisome gramu 35 kwa kilo ya maji. Isikorogwe kamwe ndani ya tangi lenye viumbe.

Mawe yana kisa chake. Anayeishi Shirere amezungukwa na mawe mazuri ajabu. Lile Jiwe Linalolia la Ilesi liko jirani. Lakini hayo ni matale, magumu na yasiyo na vitundu, na tangi la matumbawe huishi kwa vitundu vya mawe yake. Humo ndimo hukaa bakteria wanaosafisha maji. Wengi hufikiria kuagiza mawe hai yang'olewe mwambani. Nasema wazi kwamba hilo lisifanyike. Miamba ya Kenya ilipoteza matumbawe mengi mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, na wavuvi wa Kuruwitu, huko Kilifi, walifunga sehemu ya bahari yao wenyewe mwaka 2005 ili ipumue. Kuna jiwe jingine: lile la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu pwani na kukatwa matofali ya kujengea nyumba. Ni kalsiamu kaboneti ileile, lina vitundu tele, na halimnyimi samaki yeyote makao. Livunjwe, lisuguliwe, liloweke majuma kadhaa kwa kubadilishiwa maji, kisha lipangwe tangini kwa mapango na nafasi za maji kupita.

Hapo ndipo kazi ya kungoja inapoanza, na ndiyo inayowashinda wengi. Tia omena wawili watatu waoze. Watatoa amonia, ambayo ni sumu. Kundi moja la bakteria litaigeuza naitraiti, nayo ni sumu, na kundi la pili litaigeuza naitreti, ambayo kwa kiasi kidogo huvumilika. Makundi hayo hukua polepole, na kwa kawaida huchukua majuma manne hadi sita au zaidi. Vipimo vya amonia na naitraiti vikisoma sifuri siku baada ya siku, hata baada ya kutia amonia upya, tangi liko tayari. Kabla ya hapo hakuna samaki anayepaswa kuingia, awe mdogo namna gani.

Kisha kuna jambo ambalo vitabu vingi, vilivyoandikwa na watu wa nchi tambarare, havilitaji. Kakamega iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji ya bahari ya nyuzi 26 kule Mombasa hushika takriban miligramu 6.6 za oksijeni kwa lita. Shirere yatashika 5.5 hivi. Kiumbe aliyezaliwa kwa hewa ya pwani anaanza na upungufu. Kwa hiyo uso wa maji uchemke kwa mwendo wa pampu mchana na usiku, na samaki wawe wawili wadogo, basi.

Umeme ukikatika, hatari ya kwanza ni oksijeni, na baridi hufuata. Mwaka 1846 mwanamke mmoja, Anna Thynne, alichukua matumbawe kutoka Torquay akayapeleka London. Hakuwa na pampu wala umeme. Yeye na mtumishi wake wa nyumbani walikuwa wakiyamimina maji huku na huko mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa na zaidi kila siku, na matumbawe yakaishi. Mbinu hiyo inafanya kazi hadi leo: jagi safi, na mtu wa zamu. Pampu ndogo ya hewa ya betri itampumzisha. Ama joto, lita 65 hupoa kwa chini ya nyuzi moja kwa saa chumba kikiwa na baridi ya kawaida, na blanketi kuzunguka kioo hupunguza hata hiyo. Hita ya wati 100 hutosha siku za umeme. Jiko la makaa lisiwashwe chumba hicho: hewa yake huingia majini na kuyaongezea asidi.

Maji yanayokauka huacha chumvi nyuma. Lita moja kwa siku ikipotea, siku ya nne chumvi imepanda kutoka 35 hadi zaidi ya 37. Bandika utepe kwenye kioo na ujazie kila asubuhi kwa maji ya mvua matupu. Asilimia kumi ya maji yote ibadilishwe kila juma.

Wanyama huja mwisho: konokono kwanza, mwezi mmoja baadaye samaki, kisha vipande vya matumbawe laini vilivyokuzwa katika matangi ya wafugaji wengine. Matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe, kwa hiyo asiye na karatasi za asili yake asiyauze wala asiyanunue. Hata yenye karatasi yasubiri. Pima ukaboneti wa maji siku ya kubadilisha na siku ya sita. Ukipungua kati ya siku hizo, na gamba la zambarau limeanza kutanda juu ya mawe, mwani wa chokaa umeshaanza kujenga, na maji hayo sasa yanaweza kulea tumbawe gumu la kwanza.